ThinkPad X1 Carbon ya mtumba: miezi saba begani, Dar hadi Dodoma na kurudi

Nianze na mizani ya Mangi. Jioni niliyotoka kununua hii mashine nilipita dukani kwake hapa Tabata, nikamwomba aniondolee sukari aliyokuwa anapima. Nikapanga kwanza vitu vya zamani: laptopu yangu ya inchi 15.6, chaja yake yenye tofali, kipanya na furushi la waya. Kilo tatu na nusu. Nikaviondoa, nikaweka vipya: laptopu, chaja na adapta moja. Kilo moja na gramu 550. Mangi akaitazama ile nyembamba, akaniuliza, "Dada, si wamekupunja hawa?"

Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Nazunguka kwenye vyama vya akiba na mikopo, wiki mbili za kila mwezi niko njiani: Dodoma, Morogoro, mara moja moja Unguja kwa boti. Miaka minne nimebeba lile zigo begani, na daktari aliponiuliza bega la kushoto lina nini, nilimwonyesha begi tu. Kwa hiyo nilipotafuta nyingine sikuuliza kwanza ina nguvu kiasi gani. Niliuliza inaniacha na uzito gani nikishuka bajaji.

Niliyochukua ni ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha 6, toleo la 2018. Mpya inaanzia kilo 1.13, kioo inchi 14, betri ya Wh 57 (wati-saa, kipimo cha umeme inaobeba). Yangu ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16 na SSD (diski ya kuhifadhia) ya GB 256. Nimeilipia 780,000 Kariakoo, baada ya mvutano wa kama saa nzima na soda mbili.

Mwaka wake una maana, na hapa wengi wanaumia. Pembeni yake kulikuwa na ya kizazi cha 5, sura ile ile, bei imepungua kwa laki moja na nusu. Mkono uliisogelea. Ila Windows 11, kwa vigezo vya Microsoft wenyewe, kwa mashine za Intel kwa kawaida inaanzia prosesa za kizazi cha 8 (hesabu yake si ile ya vizazi vya laptopu), na X1 ya 2018 ndiyo ya kwanza kwenye ukoo huo kuwa nazo. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi natembea na akiba za watu ndani ya mashine. Hiyo laki na nusu niliiacha iende.

Kisa cha betri ni kirefu kidogo, nivumilieni. Duka la kwanza kijana alinitolea moja safi, imefutwa mpaka inang'aa. "Dada, hii unakaa nayo kutwa." Nikamwomba niandike kitu. Kwenye Windows unatafuta cmd, ile skrini nyeusi ikifunguka unaandika powercfg /batteryreport, unabonyeza Enter, inakupa faili la ripoti. Ndani yake kuna mistari miwili ya kutazama: betri ilitengenezwa kubeba kiasi gani, na leo ikijaa inabeba kiasi gani. Wa kwanza ulisoma mWh 57,000 na ushee, yaani zile Wh 57. Wa pili, 29,000. Nusu ya betri ilishaliwa huko ilikotoka. Kijana akainama kusoma, akasema hizo namba huwa zinadanganya. Nikamwambia sawa kaka, basi nipunguzie nusu ya bei nami nijifanye sijaziona. Hatukuelewana.

Duka la pili mzee mmoja aliniachia nipime tatu mfululizo, yeye anakunywa kahawa. Ya tatu ilisoma 47,900, yaani kama asilimia 84. Hiyo ndiyo niliyotoka nayo, na risiti ya EFD, na dhamana ya wiki mbili aliyoiandika kwa kalamu nyuma ya risiti.

Njiani sasa. Treni ya umeme ya kwenda Dodoma, tangu ilipoanza 2024, imekuwa ofisi yangu ya asubuhi. Na ile laptopu ya inchi 15.6 nilikuwa nafanya kazi viwiko vimebana mbavu, jirani ananitazama kwa huruma. Hii inakaa mapajani. Kuanzia Pugu mpaka Morogoro napitia leja, kisha naacha nitazame milima, maana ukishaingia maeneo ya Kilosa mahandaki yanaumeza mtandao na hakuna cha kutuma. Nafika Dodoma betri imebaki zaidi ya robo. Kwa matumizi yangu, Excel, barua pepe, mwanga wa kioo nusu, inanipa saa tano na kidogo. Siyo kutwa, kijana.

Ndiyo maana natembea na pawabenki, na hapa wepesi una hesabu yake. Mashine inachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo chaja moja ya wati 65 inalisha laptopu mchana na simu usiku. Tofali limebaki nyumbani. Pawabenki yenyewe ni ya mAh 20,000, sawa na Wh 74: inaijaza mara moja, na iko chini ya Wh 100, kiwango ambacho mashirika ya ndege huruhusu kuingia nacho ndani bila maombi maalumu. Muhimu iwe inatoa wati 45 au zaidi. Ndogo za simu zitakuonyesha alama ya chaji huku asilimia zikishuka.

Juni nilikuwa kwenye mkutano wa chama kimoja nje ya Dodoma mjini. Ukumbi wa bati, wanachama kama themanini, projekta ya enzi za mwalimu mkuu aliyestaafu. Mashine ina tundu la HDMI, jambo ambalo nyembamba nyingi za leo zimelitupa, lakini projekta ile ilikuwa inajua VGA tu, ule waya wa picha wa zamani. Adapta yangu ya elfu kumi na tano ikaokoa jahazi. Nusu saa baadaye umeme ukakatika. Projekta ikazima, laptopu ikaendelea. Nikaibeba kwa mkono mmoja kama sahani, nikapita safu kwa safu nikiwaonyesha wazee jedwali la mikopo chechefu. Mwenyekiti akasema, "Mwanangu, kumbe na hii inatembea!" Jaribu hilo na kilo mbili na nusu.

Kibodi sina maneno ya kutosha. Vitufe vina kina, vinarudi kwenye kidole, na ukiingiza tarakimu mia nne kwa siku ndiko unakojua nani alikutengenezea kibodi na nani alikutengenezea picha ya kibodi. Kile kidude chekundu katikati, cha kusogezea mshale, nilikidharau wiki ya kwanza. Sasa kipanya hakitoki nyumbani.

Mapungufu yapo. RAM imeunganishwa kwenye bodi, haiongezwi, kwa hiyo ya GB 8 usiiguse hata ukipewa kwa mkopo. Kamera ni ya 720p. Kwenye vikao vya mtandaoni naonekana kama nimepigwa picha ya kitambulisho saa moja usiku. Ila ina kifuniko cha kusukuma kwa ukucha, na hicho nakipenda. Nyuma kuna tundu la laini ya simu. Muuzaji aliniambia nichomeke tu niwe na bando popote. Nilichomeka. Siku mbili natafuta mtandao, kumbe modemu, kifaa cha kunasa mtandao wa laini, ni kitu cha kuagiza kiwandani na ndani ya yangu haimo. Natumia hotspoti ya simu.

Na barazani saa nane mchana, kwenye joto la Dar, faili kubwa likiwa wazi, feni inaanza kuimba. Sauti siyo kubwa, lakini mama amewahi kuniuliza kama ni mbu.

Anayehariri video asiinunue. Anayekaa ofisini moja kwa moja naye, kwa hela hiyo hiyo anapata yenye kioo kikubwa na nambari pembeni ya kibodi.

Ile ya zamani iko sebuleni, watoto wanaangalizia katuni. Haijavuka geti tangu Machi.