Le Père Goriot: baba aliyehamahama ghorofa

Nakiri riwaya hii ya Kifaransa niliiacha mara mbili. Mwandishi wake, Honoré de Balzac, anakula kurasa nyingi mno akieleza nyumba ya kupanga ya Madame Vauquer, Paris ya mwaka 1819: samani mbovu, kuta chafu, hadi harufu ya chumba cha kulia. Mara ya tatu nikajikaza, na nilipofika kwenye hesabu za kodi nikanasa.

Mzee Goriot, mtengeneza tambi aliyestaafu, anaingia mwaka 1813 na kukaa ghorofa ya kwanza, faranga 1200 kwa mwaka, chumba na chakula. Baada ya miaka miwili anaomba kupanda ya pili, faranga 900, na baridi ikija hawashi moto. Kisha ya tatu, faranga 45 kwa mwezi. Wapangaji wenzake wanacheka: mzee anahonga wanawake. Kumbe wanawake wenyewe ni binti zake, Anastasie aliyeolewa kwenye ukoo wa kikabaila na Delphine, mke wa tajiri wa benki.

Usiku mmoja Rastignac, mpangaji mwenzake, mwanafunzi wa sheria aliyetoka mkoani kuusaka ukubwa, anachungulia tundu la ufunguo. Anamwona mzee amevifunga kamba vyombo vyake vya fedha, anavikandamiza kimyakimya mpaka vinakuwa kama mche wa sabuni. Mikono ile ile ya kukanda unga! Hapo nilifunga simu niliyokuwa nikisomea, nikakaa kidogo.

Balzac anamwita Goriot Kristo wa ubaba. Mimi, baba wa mabinti wawili, sikubali. Wale wasichana walipewa kila walichotaka, hadi gari lao la farasi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini mzee anapouza vijiko na vishikizo vyake na kuweka rehani pensheni ya mwaka mzima ili Anastasie alipie gauni la dansi, hasira yangu ilikosa pa kwenda.

Siku ya mazishi ya Goriot, magari ya wakwe yalifika matupu. Rastignac akakopa sou 20, yaani faranga moja, kwa Christophe, mtumishi wa pale nyumbani, awape wachimba kaburi. Halafu akautazama mji kutoka makaburini. Aya ya mwisho niliirudia kuhakikisha. Ndiyo, anakwenda kula chakula cha jioni kwa Delphine.