Kasri la Changdeokgung, Seoul, Novemba: kata kwanza tiketi ya bustani ya nyuma

Kwa matembezi ya wakati wa majani kupukutika, naliweka kasri la Changdeokgung mbele ya Gyeongbokgung, ingawa Gyeongbokgung ndilo kubwa na ndilo linalojaa watu. Sababu ni miti. Changdeokgung lilijengwa mwaka 1405 chini ya vilima, majumba yakafuata mteremko badala ya kupangwa kwenye mstari mnyoofu, na nyuma yake wafalme wakajitengea bustani ya msitu iitwayo Huwon, inayochukua karibu asilimia 60 ya eneo lote. Rangi za msimu ziko huko. Ukilipia kasri peke yake utaona mapaa mazuri na uwanja wa mawe, majani mekundu utayasikia tu.

Kwa hiyo tiketi ni mbili. Ya kasri won 3,000 (won ni fedha ya Korea Kusini), ya Huwon won 5,000 juu yake. Ya pili ndiyo yenye shughuli, kwa sababu watu huingia kwa makundi, kila moja kwa saa yake, na kila kundi lina nafasi 100 tu: nusu huuzwa mtandaoni, nusu dirishani siku hiyohiyo. Za mtandaoni hufunguliwa siku 6 kabla, saa 4 asubuhi kwa saa za Seoul. Aliye Dar es Salaam au Mombasa hiyo kwake ni saa 10 alfajiri, na mapema Novemba kuchelewa kidogo tu kunatosha kukukosesha. Angalia pia usomaji wa saa: tiketi iliyoandikwa 10:00 ni saa 4 asubuhi. Ukikosa mtandaoni, panga foleni dirishani kabla ya saa 3 asubuhi, kasri linapofunguliwa. Jumatatu hufungwa.

Treni ya chini ya ardhi ni ile ya njia namba 3. Shuka Anguk, tokea mlango namba 3, kisha ni mwendo mfupi tu hadi lango kuu la Donhwamun. Kwa njia ya miguu Naver Map, programu ya ramani ya Kikorea, inaelekeza vizuri kuliko ramani ya Google. Kutoka Donhwamun hadi mlango wa Huwon hesabu dakika 10 nyingine ndani kwa ndani. Wengi huziacha dakika hizo nje ya hesabu, wakafika kundi limeshaingia.

Wakati mzuri ni kati ya mwanzo na katikati ya Novemba. Miezi hii pwani kwetu ni mvua za vuli, lakini Seoul ni kukavu: jua kali mchana, baridi kali usiku, na huo mchanganyiko ndio unaoleta wekundu kwenye miti ya mepo (maple). Mti mwingine, ginko, hauna wekundu. Kijani kinaondoka, njano iliyokuwa chini yake inabaki. Mvua moja yenye upepo inaweza kuyaangusha majani yote kwa usiku mmoja, basi tazama utabiri kabla ya kuchagua siku.

Chagua kundi la asubuhi. Bustani iko mabondeni, na Novemba jua huzama kama saa 11 na dakika 20 jioni, hivyo ikifika saa 9 alasiri vilima vimeshatia kivuli kwenye maji. Na maji ndiyo uliyolipia. Bwawa la Buyongji ni la mraba, lina kisiwa cha duara katikati: dunia mraba, mbingu duara, kwa fikra za wakati ule. Banda la Buyongjeong limesimamisha nguzo mbili ndani ya bwawa, kama mtu aliyekaa ukingoni akatumbukiza miguu. Ng'ambo yake, juu ya ngazi, kuna jengo la Juhamnu la mwaka 1776, ambalo ghorofa yake ya chini ilikuwa maktaba ya mfalme Jeongjo. Usipige picha hapo kwanza na kundi zima. Subiri wasogee, uje upande wa Buyongjeong, maji yatulie.

Mbele zaidi, Gwallamjeong ndilo ninalolipenda kuliko yote: banda dogo lenye sakafu ya umbo la kipepeo cha mkono kilichokunjuliwa, kile cha kujipepea joto, na matawi ya mepo yameinamia paa lake. Watu hulipita haraka.

Kinachokera ni muda: dakika 70 hivi hazitoshi, na njia ina vilima na ngazi za mawe. Majani yakilowa juu ya mawe yanateleza vibaya, kwa hiyo viatu viwe na soli yenye meno. Chukua maji, chakula hakiruhusiwi. Vaa nguo za kuvua na kuongeza, kwa kuwa kivulini baridi inauma hata jua likiwaka.

Ukitoka, pitia jumba la Nakseonjae la mwaka 1847. Mbao zake hazikupakwa rangi kama kumbi nyingine, na mipersimoni iliyo mbele imekwisha pukutisha majani, imebakiza matunda ya rangi ya chungwa kwenye matawi matupu. Mwenye nguvu bado alipe won 1,000 kwenye mlango wa Hamyangmun, jirani na wa Huwon, aingie kasri la Changgyeonggung. Bwawa lake la Chundangji unalizunguka bila kundi na bila kuangalia saa.