Kisu cha mfukoni: kabla ya kuhesabu zana, hesabu matabaka

Wengi wakienda kununua kisu cha Uswisi huhesabu zana. Chenye kumi na tano kinaonekana bora kuliko chenye saba, na muuzaji analijua hilo, ndiyo maana kwenye kabati la kioo hukiweka kimefunguliwa chote, kimesimamisha miiba kama nungu. Ukikitia mfukoni siku mbili tatu unaona kinavuta suruali na kugombana na simu, na haupiti mwezi kimehamia kwenye droo. Siku unapotaka kukata kamba ya mzigo stendi, kisu kiko nyumbani.

Ushauri wangu ni huu: kigeuze ukitazame mgongoni. Utaona springi za chuma zimelala sambamba. Kila springi ni tabaka moja, na zana zake zimekunjiwa ndani, moja huku na nyingine kule. Kwa mfuko wa suruali ya kazini au wa kanzu, matabaka mawili yanatosha. La tatu unaanza kulisikia ukikaa. Yakifika manne, tafuta ala ya kuvaa kwenye mkanda.

Wala si kujinyima. Kisu cha askari ambacho Karl Elsener, mwanzilishi wa kampuni ya visu ya Victorinox, alianza kulipelekea jeshi la Uswisi mwaka 1891 kilikuwa na vitu vinne tu: bapa, msharasi, kifungua kopo na bisibisi. Mbwembwe zilikuja baadaye. Nimebaki na Victorinox katika orodha hii kwa sababu ndivyo visu vyembamba ninavyoviamini, na vipuri vyake vidogo vidogo havina shida kupatikana.

Cha kwanza: Cadet

Milimita 84, uzito kama gramu 46, mpini wa alumini yenye vinundu visivyoteleza hata mkono ukiwa na jasho. Matabaka ni mawili: moja lina bapa na tupa ya kucha, la pili lina kifungua kopo na kifungua chupa. Ukilisoma hivyo unaona kama hamna kitu. Lakini ncha ya kifungua kopo ni bisibisi ndogo inayoingia hata kwenye skrubu nyingi za nyota, na ncha ya kifungua chupa ni bisibisi pana, tena ubavuni ina pengo la kuchunia waya.

Chukua kazi ambayo kila nyumba yetu inaijua: umenunua pasi au feni yenye plagi ya pini mbili za duara, na ukutani kwako ni matundu matatu ya mstatili. Unakata ile plagi (haijachomekwa popote, tafadhali), unachuna ganda la waya kwa lile pengo, bisibisi pana inafungua mgongo wa plagi mpya, ndogo inakaza skrubu za shaba ndani. Kazi nzima kwa kisu kisichozidi unene wa kidole. Tupa ya kucha watu huibeza, mimi naitetea: inalainisha ncha kali ya laini ya simu iliyokatwa vibaya, na inasafisha kucha baada ya kazi.

Kasoro yake kubwa ni kwamba hakina mkasi. Kwa sababu ya mpini wa alumini hakina pia kibano wala kijiti cha meno. Kijiti sikililii. Ukishamwazima mtu mara moja, hukitaki tena.

Na kopo, kwa kuwa wengi huling'ang'ania kinyumenyume: kifungua kopo cha Victorinox huenda mbele. Ukingo wa kopo unaingia kwenye pengo, unainua, unasogea kidogo, unainua tena. Ukivuta kuja kwako utaumia.

Cha pili: Compact

Kwa mtu wa ofisini huenda kikawa cha kwanza. Milimita 91, kama gramu 64, na bado matabaka mawili, kwa kuwa kifungua kopo na kifungua chupa vimeunganishwa kuwa kifaa kimoja, na nafasi iliyookolewa imepewa mkasi. Mkasi huu ni mdogo lakini una makali ya kweli: nyuzi za shati, plasta ya kidonda, pakiti ya dawa ya mtoto. Mgongoni kuna kizibuo cha chupa za mvinyo. Hata nyumba ambayo mvinyo hauingii, ncha yake inafungua fundo la kamba lililokazana kuliko kucha yoyote, na ndani yake unaweza kusokota bisibisi ndogo ya miwani inayouzwa peke yake. Nimekishusha nafasi moja kwa sababu ya bei, na kwa kuwa mpini wa plastiki unachakaa mapema ukikaa mfuko mmoja na funguo.

Cha tatu: Classic SD

Milimita 58, kama gramu 22. Hiki ni cha kwenye funguo: bapa dogo, mkasi, tupa yenye ncha ya bisibisi, kibano na kijiti. Ndicho cha bei ndogo kuliko vyote hapa na ndicho zawadi salama. Mwiba au kibanzi kikiingia kidoleni, hakuna kinachokishinda. Ila usitegemee kukatia embe.

Bantam, nayo ya Victorinox, naiweka kando. Ina tabaka moja tu, bapa huku na kile kifaa cha kuunganishwa kule, na mfukoni hutaihisi hata kidogo. Mvaa suti aichukue bila kusita. Mwingine atatamani kitu kingine ndani ya wiki. Pioneer X, ya kampuni hiyohiyo, ina mkasi na mpini wa alumini, imara hasa, lakini ina matabaka matatu na kama gramu 94, na bei yake inapita zote nilizotaja. Anayehitaji koleo kila siku hata asihangaike na orodha hii: atazame Leatherman Skeletool, koleo la kukunja lenye zana nyingine, kama gramu 142, akubali kuibeba kwa klipu.

Dukani

Nakala za mpini mwekundu wenye msalaba zimejaa mitaani. Fungua bapa usome muhuri karibu na bawaba. Kisha liguse kushoto na kulia: halifai kucheza. Elekeza mgongo kwenye mwanga. Kati ya springi na bati usione mwanya. Mwisho lifunge polepole na usikilize, kisu halisi hujipiga chenyewe mwisho wa safari, tak! Kisichotoa mlio huo kirudishe mezani, hata ukipunguziwa bei.

Visu hivi havina kufuli, kwa hiyo usichome navyo kitu kigumu, bapa linaweza kukunjika juu ya vidole. Kwa ndugu zetu walioko Uingereza jambo hilo ni nafuu: sheria ya huko inaruhusu kutembea na kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Kwenye ndege kisu kiweke ndani ya begi la mzigo, kamwe si la mkononi.

Chuma chake si kigumu sana, hivyo hakishiki makali miezi na miezi, ila kunoa ni dakika chache. Ukikosa kinoo, geuza kikombe cha kauri: ile duara ya kitako isiyopakwa rangi inatosha. Laza bapa liinuke nyuzi 15 hadi 20, pande zote mbili sawa. Ukishakata embe, fungua na kufunga kisu ndani ya maji ya vuguvugu, kikaushe, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, futa yaliyozidi. Mafuta ya kupikia usiyatie, yanaganda na kunasa vumbi.