Miezi minane na mashine ya kromatografia ya kimiminika: kwenye dizeli haina neno, mafuta ghafi yanataka subira

Ni mashine inayotenganisha makundi ya kemikali yaliyomo kwenye sampuli. Nilianza nayo kwa dizeli, kupima aromatiki (hidrokaboni zenye pete za kaboni za aina ya benzini), na kwa kazi hiyo naisifu bila kusita. Sampuli unaiyeyusha kwenye heptani, unadunga maikrolita 10, kolamu ya amino (bomba lililojazwa chembechembe, ambalo heptani hupita ikibeba sampuli) inafanya yake: hidrokaboni zilizoshiba zinatangulia, zinafuata aromatiki za pete moja, kisha za pete mbili. Za pete tatu na kuendelea hung'ang'ania ndani, ndipo vali inapogeuza mkondo na kuzitoa zote kinyumenyume kwa kilele kimoja kwenye mchoro. Naipenda sana ile vali.

Kwenye kigunduzi, yaani kifaa kinachosoma kinachotoka kwenye kolamu, msinunue cha urujuanimno peke yake. Hidrokaboni zilizoshiba hakizioni kabisa. Kinachosoma jinsi mwanga unavyopinda kinaona kila kundi, ila hakitaki joto la chumba libadilike; ukifungua dirisha tu, mstari wa mchoro unaanza kupanda na kushuka. Nakiwasha asubuhi, nadunga baada ya saa mbili.

Sasa mafuta ghafi. Aliyetuuzia alisema tuchuje kwa kichujio cha mikromita 0.45 kisha tudunge. Nikachuja, yakapita vizuri kabisa, nikadhani yamesafika. Kumbe asfalteni, zile sehemu nzito na nyeusi za mafuta ghafi, si takataka inayoelea. Zimetawanyika ndani ya mafuta yenyewe, na zikikutana na heptani ndipo zinaganda. Ziligandia ndani ya kolamu. Shinikizo likapanda sindano baada ya sindano hadi pampu ikajizima. Nilipofungua, mdomo wa kolamu ulikuwa mweusi kama lami, na kolamu ilikuwa mpya, haijamaliza hata mwezi. Iliniuma sana.

Siku hizi gramu moja ya mafuta ghafi naitilia heptani mililita 40, naiacha gizani usiku kucha, asfalteni zinatuama zenyewe, nazichuja na kuzipima kwa mizani. Kimiminika kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye mashine. Mbele ya kolamu kuu nimeweka kolamu ndogo ya kinga, ya kutupwa ikichafuka.

Heptani nayo iwe kavu. Unyevu kidogo tu unabadilisha muda wa vilele kutoka, na utahangaika ukidhani kolamu imechoka. Kila asubuhi natanguliza mchanganyiko wa sikloheksani (iliyoshiba) na zaileni (aromatiki). Vilele viwili vikiachana vizuri, ndipo naweka sampuli ya kwanza.