Mtambo wa upepo wa karakana, Arusha: mkia safi, nguzo fupi

Mtambo huu wa kufua umeme kwa upepo, wenye mapanga ya kipenyo cha mita 2.4, unaochomelewa hapa Arusha, umeundwa kwa akili. Unazungukia habu (kitovu cha gurudumu) ya gari na beringi zake. Sumaku 12 kila sahani inayozunguka, koili 9 (mizingo ya waya inayotoa umeme) zilizogandishwa kwenye resini, gundi inayokauka ngumu. Mkia una bawaba ya mshazari, hivyo upepo ukizidi mapanga yanajigeuza pembeni yenyewe. Hapo fundi anastahili pongezi kabisa.

Tatizo ni nguzo: mita 6 tu. Kwenye uwanda wazi wa Kisongo utajikongoja, lakini Moshi katikati ya migomba na migrevilea ni kutupa hela. Kasi ya upepo ikipungua nusu, nguvu inabaki moja ya nane! Dai nguzo inayopita miti ya jirani kwa mita 9.

Kagua kingo za sumaku. Resini ikiacha upenyo, kutu huivimbisha sumaku mpaka isugue koili. Usichomoe betri mtambo ukizunguka, mapanga yatakimbia ovyo. Unganisha kwanza nyaya zote tatu zinazotoka kwenye mtambo, zigusane zenyewe kwa zenyewe, ziwe breki.

Kwa maji, chagua pampu ya umeme, si ile inayosukumwa na mapanga moja kwa moja: kisima huwa bondeni, upepo uko juu, na waya hufikisha umeme chini. Lita 1,000 kutoka kina cha mita 30 hula takriban uniti 0.2 za umeme.