Vitabu vya sosholojia mwaka wa kwanza: kipi upakue bure, kipi utoe hela

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo ni vitabu vya sosholojia, vile vya kuanzia kabisa, na nimeiwahisha hii video kwa sababu vyuo ndo vinafunguliwa, bumu likiingia tu utaona mtu kashuka zake Posta kakutana na litabu linene limepangwa pale chini pembeni ya Samora, kaambiwa mdogo wangu hiki ndo wanachosoma wote, kanunua, na hela ya msosi imeenda. Subiri kwanza. Kabla hujatoa hata mia kuna kitabu cha kupakua.

Kinaitwa Introduction to Sociology cha OpenStax, huu ni mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Houston, Marekani, na toleo la tatu ni la 2021. Ni bure, na siyo ile bure ya kuibia ibia, leseni yake ya Creative Commons inakuruhusu kupakua, kuprinti na kuwagawia wenzako ilimradi usifute jina la waliokitengeneza, kwa hiyo CR, yule kiongozi wa darasa, akikitupia kwenye grupu la WhatsApp hajamkosea mtu. Zipo chapta 21, kila moja mwishoni ina maneno muhimu, muhtasari na maswali ya kujipima. Kiingereza chake chepesi, sentensi fupi, na hilo kwa mtu aliyetoka fomu siksi akakutana na nadharia kwa mara ya kwanza ni kitu kikubwa sana, msilichukulie poa. Shusha PDF ukiwa na waifai ya chuo, baada ya hapo unasoma hata umesimama kwenye mwendokasi bila kuchoma bando.

Shida yake ni kwamba kimeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa Marekani. Nenda chapta ya 9, ile ya matabaka, kichwa chenyewe kinakwambia haya ni matabaka ya Marekani, dunia nyingine wote tumewekwa chapta ya 10. Wewe wa Mbagala unasoma sera zao, shule zao, historia yao ya rangi, halafu unaingia chumba cha mtihani swali linasema jadili kwa mifano hai kutoka Tanzania. Hapo ndo wengi wanapoanguka jamani, nadharia anaijua vizuri ila mfano hana.

Cha pili ndo hicho kinene, Sociology cha Anthony Giddens, mwanasosholojia wa Uingereza, kilitoka mara ya kwanza 1989, haya matoleo ya karibuni kaandika na Philip Sutton na toleo la tisa ni la 2021, kurasa zaidi ya 1,000. Mimi hiki kitabu nakipenda na nitawaambia kwa nini. Matoleo mengi mwanzoni yana mfano wa kikombe cha kahawa. Anasema kahawa siyo kinywaji tu, watu wanaalikana kahawa ili wakae waongee, ndani yake kuna kafeini ambayo ni aina ya dawa ya kuchangamsha ubongo ila jamii imeikubali, halafu kikombe hicho kimoja kinamuunganisha mnywaji na wakulima walioko mbali huko, na nyuma yake kuna historia nzima ya ukoloni na biashara. Sasa wewe chukua mfano huo uulete kijiweni kwako. Mzee ana birika lake juu ya mkaa, vikombe vidogo, kashata pembeni, pale watu wanajadili Simba na Yanga, siasa, nani kafiwa, nani anahitaji fundi, na angalia vizuri ni wanaume watupu, kwa hiyo hapohapo umeshapata na jinsia. Kahawa yenyewe imetoka Kagera au Kilimanjaro, ambako wakulima walikuwa na ushirika wao wa KNCU tangu 1933, enzi za Mwingereza. Hiyo ni insha tayari! Na ndicho Giddens anachokufundisha, kuona kitu ulichokizoea kana kwamba ndo unakiona leo.

Ila usinunue kwa pupa. Fungua ule ukurasa wa mwanzoni wenye haki miliki uangalie mwaka. Toleo la zamani kwa Marx, Durkheim na Weber, wale waasisi wa sosholojia, halina tatizo lolote, hao hawabadiliki, lakini chapta za vyombo vya habari, mitandao na idadi ya watu zinakuwa zimechacha. Na takwimu za kwetu usizitafute humo, sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, hizo unazipata NBS, ile Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kama hela ni ya mawazo kaa nacho maktaba, usome chapta tatu nne unazozihitaji.

Cha tatu naenda haraka, Haralambos na Holborn, Themes and Perspectives, toleo la nane ni la 2013. Waingereza wanakitumia kwa A level. Uzuri wake kinawagombanisha wanazuoni mbele ya macho yako. Kwenye elimu unakuta Davis na Moore wa 1945 wanaosema jamii lazima itofautishe malipo ili wenye uwezo wafike kwenye nafasi nyeti, halafu wanakuja Bowles na Gintis 1976 wanasema hapana, shule inamzoesha mtoto kutii ili akawe mfanyakazi mtiifu. Kwa asaimenti ya kujadili hakina mpinzani. Kwa kuanzia sikushauri, kimebana sana.

Sasa hilo pengo la mifano, fanya hivi. Daftari lako gawa ukurasa katikati, kushoto nadharia, kulia Bongo. Mfano Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, anatenganisha kazi ya wazi na kazi iliyofichika ya kitu chochote kwenye jamii. Kulia andika kikoba. Kazi ya wazi ni kuweka na kukopeshana hela, kila mwanachama atakwambia hiyo. Iliyofichika ni kwamba mama mmoja akifiwa, wale wa kikoba ndo wa kwanza kufika na sufuria zao, na hakuna aliyejiunga kwa sababu ya sufuria. Lekchara akisoma hiyo anajua huyu kaelewa, hajakariri desa.

Ukitaka kuona mji wetu wenyewe ulivyosomwa, kipo A Survey of Dar es Salaam cha J.A.K. Leslie, cha 1963, kinaongelea wahamiaji, wapangaji na maisha ya mitaani, na jinsi alivyotutazama nayo ni ya kuichambua maana alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni. Kaulizie East Africana, ile sehemu ya vitabu vya Afrika Mashariki pale maktaba ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, beba kitambulisho, vitabu vya pale vinasomewa humohumo.

Mnaosoma UDOM, Mzumbe na SAUT niandikieni hapo chini lekchara wenu kawapa kitabu gani, ambacho sijakigusa nitakitafuta tukifungue hapa.