Cherehani cha mkono kwa kushona na mtoto: nakipa alama zote

Kama unataka kumfundisha mtoto wa miaka sita kushona, acha cha umeme, tafuta cherehani cha mkono. Mimi ninacho cha chapa ya Butterfly, cheusi cha chuma, nilikipata kwa fundi Kariakoo kikiwa kimeshatumika, na binti yangu ameshonea aproni yake ya kwanza.

Uzuri wake ni mwendo. Mtoto anazungusha mpini, mimi naongoza kitambaa. Mzunguko mmoja unatoa mishono michache tu, na akiachia mkono, sindano inasimama. Kwa pindo za aproni, ambazo karibu zote ni mistari iliyonyooka, huhitaji zaidi ya hapo. Tukifika kwenye kona namwambia "simama", sindano ikiwa bado ndani ya kitambaa nainua kiguu kinachokibana, nakigeuza kitambaa, nashusha kiguu, tunaendelea. Basi raha yake hapo!

Yadi moja ya kitenge ilitosha mwili, mfuko mkubwa wa mbele na kamba. Chagueni cha pamba, kinatulia chini ya sindano. Satini inateleza mno kwa mikono midogo. Pindo zipigwe pasi kwanza, na pasi ashike mtu mzima. Kamba ni nyembamba na zinachosha, hizo nilizimalizia mwenyewe.

Ni kizito kubeba, kweli, lakini mezani hakisogei hata mtoto azungushe kwa nguvu zote. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji ashone kipande cha kitambaa mbele yako, kisha kigeuze uangalie mshono wa chini.